Msiuze Zana za Fundi kwa Kilo

Mzani wa skrepa hauna macho. Uupe randa ya chuma, jiliwa, fuawe au kipande cha bomba lililooza, vyote utavipima sawa na vyote vitalipiwa bei ile ile ya kilo. Hivyo ndivyo zana nyingi za ufundi zinavyomalizikia katika miji yetu. Fundi seremala anafariki, arobaini inapita, watoto wanagawana kiwanja na vyombo vya ndani, na sanduku la zana linabaki uani likinyeshewa hadi siku kijana wa mkokoteni anapopita akiita wenye vyuma chakavu. Jioni hiyo sanduku limeshageuka pesa ya sukari na unga. Haupiti muda, vilivyokuwemo vimeyeyushwa kuwa nondo.

Siwalaumu wafiwa. Mtu ambaye hajawahi kusukuma randa ataijuaje thamani ya bonge la chuma lenye kutu na mpini uliopasuka? Ninaowalaumu ni sisi tunaojua tukanyamaza, tukianza na vyuo vya ufundi na ofisi za umma. Zana ya mkono iliyotengenezwa vyema miaka 50, 60 au 80 iliyopita, ikichaguliwa kwa jicho na kufufuliwa kwa uvumilivu, inamfaa kijana anayeanza kazi kuliko zana mpya ya bei chee inayoning'inia dukani. Na zana hizo zipo humu humu nchini.

Zilikuja kwa njia nyingi. Ziliingia na karakana za reli, zikaingia na mashamba ya mkonge ya Tanga yaliyohitaji mafundi wa mitambo, zikaingia na wamisionari. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kule kusini, wamefundisha useremala na uhunzi vizazi kwa vizazi. Kenya, serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kufundishia ufundi Kabete mwaka 1924, na wahitimu wake wakasambaa na masanduku yao. Kwetu Tanzania, shule za ufundi kama Ifunda na Moshi nazo zilikuwa na karakana. Ukisugua kutu kwenye zana za enzi hizo utakutana na majina yale yale: Stanley, Record, Marples, Spear & Jackson, na mara moja moja msumeno wa Disston kutoka Philadelphia. Nyingi zina jina la Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana kwa feleji ya zana tangu Benjamin Huntsman alipobuni njia ya kuiyeyusha kwenye vyungu katika miaka ya 1740.

Kuna wanaodhani kitu cha zamani ni kitu kilichopitwa na wakati. Kwa randa, dhana hiyo haina msingi. Mmarekani Leonard Bailey alipata hataza ya mtambo wa kurekebisha kisu cha randa mwaka 1867, na kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869. Kile kigurudumu cha shaba nyuma ya kisu kinachokiteremsha na kukipandisha, na kile kijiti kilichoongezwa baadaye cha kukilaza kushoto au kulia, ndivyo vilivyomo hadi leo kwenye randa mpya karibu zote za muundo huo, ziwe za India au China. Fundi anayenunua randa ya miaka ya 1950 ananunua muundo ule ule unaouzwa dukani asubuhi hii. Kinachotofautiana ni kilichomo ndani ya muundo: uzito wa chuma cha kusubu, unyoofu wa sehemu zinazokutana, na zaidi ya yote ubora wa kisu. Kisu cha randa ya bei chee mara nyingi ni laini. Unakinoa, unapiga mbao mbili za mninga, makali yameshakunjika. Kijana anadhani hajui kupiga randa, kumbe amebebeshwa chuma kisichoshika makali.

Zipo randa mpya nzuri, tena nzuri sana, ila bei yake inamzidi fundi wa Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, mara nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo uchaguzi ulio mbele ya kijana ni kati ya mpya mbovu na kuukuu nzuri.

Msumeno unaonyesha jambo hili wazi zaidi. Misumeno mingi ya mkono inayouzwa leo ina meno yaliyochomwa kwa umeme hadi ncha zikawa na rangi ya samawati iliyoiva. Meno hayo ni makali na yanadumu kuliko ya kawaida, lakini yakiisha yameisha, kwa sababu ni magumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake. Msumeno wenyewe unatupwa. Msumeno wa zamani unanolewa kwa tupa ndogo ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, kisha meno yanapindwa kidogo huku na huku ili bapa lisibanwe ndani ya mbao. Fundi aliyeko Namtumbo au Kibondo, mbali na duka la vifaa, akiwa na tupa hiyo moja anaweza kuutumia msumeno wa babu yake maisha yake yote na kumwachia mtoto. Kwa nchi yenye mafundi wengi vijijini, hilo ni suala la uchumi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulianzishwa Uingereza shirika liitwalo Tools for Self Reliance. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, hukusanya zana kuukuu ambazo wenyewe hawazihitaji tena, wakaziondoa kutu, wakazinoa, wakazitia mipini, wakazipanga kwa fani: seti ya seremala, seti ya mhunzi, seti ya fundi cherehani. Kisha huzisafirisha kuja Afrika, na Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zilizopokea kwa muda mrefu. Nawashukuru kwa moyo wote. Nimeona randa zilizopita mikononi mwao, na kazi yao ni ya heshima. Lakini fikiri: mzee wa Kiingereza anakaa kwenye banda lake wakati wa baridi akisugua patasi ili kijana wa Mwanza apate kazi, na wakati huo huo patasi ya kiwanda kile kile, iliyotoka mkononi mwa fundi wa Mwanza, inamwagwa kwenye lori la skrepa. Tunapokea sanduku kwa hotuba na picha, ilhali zana zinazofanana na hizo zinatoka kwa mlango wa nyuma.

Basi tuzungumze jinsi ya kuziokoa, kwa sababu kununua zana kuukuu nako ni elimu.

Kwanza, nenda kwenye yadi ya skrepa kabla mizigo haijapakiwa, na umwambie mwenye yadi kinagaubaga unachotafuta. Usiogope kwamba atapandisha bei. Atapandisha, na hiyo ni haki yake. Akijua randa inamlipa mara tatu ya kilo ya chuma, kesho hataipeleka kwenye tanuri. Soko la zana kuukuu linajengwa hivyo.

Pili, jifunze kasoro inayotibika na isiyotibika. Kutu ya juu juu si kitu. Mpini uliovunjika si kitu. Ufa kwenye chuma cha kusubu ni kifo, na kwa randa ufa hukaa pembeni mwa mdomo, pale kisu kinapotokea, umejificha chini ya uchafu. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa uangalie vizuri. Mtu atakuambia ufa huo unachomelewa. Kwa mashine labda, kwa randa achana nayo, maana joto la kuchomelea hulipinda umbo lote. Angalia pia kisu kimebakiwa na urefu gani. Kikiwa kimenolewa hadi karibu na tundu lake refu, kimemaliza kazi. Halafu hesabu skrubu. Hesi za skrubu za Stanley si za kawaida, na ukikosa moja huipati duka lolote la vifaa, itakubidi utafute randa nyingine iliyovunjika ili uichinje kwa ajili ya skrubu hiyo.

Jiliwa, ambayo wengi tunaiita vaisi, ifungue yote hadi mwisho uone hesi ya mhimili wake mkubwa. Hesi iliyolika ikawa nyembamba kama wembe haitabana kitu. Fuawe iangushie nyundo ndogo kutoka kimo cha shubiri moja. Ikiirudisha nyundo juu na kulia kama kengele, uso wake bado mgumu. Nyundo ikidondoka na kulala hapo hapo, fuawe hiyo imewahi kuungua ikalainika, au ni chuma cha kusubu kitupu.

Fundi mmoja mzee wa Keko, nilipomwamkia na kumwonyesha patasi niliyotaka kununua, aliipokea bila kuitazama, akapitisha ukucha wa kidole gumba upande wa bapa. "Mwanangu, usitazame makali," aliniambia. "Makali utayaweka mwenyewe. Mgongo ukiwa na vishimo vya kutu hadi mbele, utanoa mwaka mzima na bado itakata kama kisu cha mkate." Nilimuuliza, "Sasa mzee, nikiikuta na vishimo nifanye nini?" Akanirudishia. "Unamwachia mwenyewe." Maneno hayo yameniokolea pesa nyingi. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso wa nyuma wenye vishimo hauwezi kukutana vizuri na kitu.

Ukishafika nyumbani na randa yako, ifungue yote. Skrubu zilizoganda zilowekwe kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, zilale humo usiku kucha. Usizilazimishe. Kisha kutu. Wengi hukimbilia grainda yenye brashi ya waya, na ndiyo njia ya haraka ya kuharibu zana, kwa kuwa inalamba pembe, inafuta maandishi, na juu ya kisu inaweza kupasha joto hadi feleji ilainike. Siki inafaa kwa vipande vidogo: loweka, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki. Kwa kitu kikubwa, magadi yenyewe ndiyo dawa.

Njia hii inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu vifaa vyake vyote tunavyo. Chukua beseni la plastiki, tia maji, koroga magadi kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Tumbukiza kipande cha chuma usichokihitaji upande mmoja, na upande wa pili ning'iniza mwili wa randa bila kugusana nacho. Chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na akili ya kujizima, iunganishwe hivi: waya wa hasi kwenye randa, waya wa chanya kwenye chuma cha kafara. Ukigeuza waya utaila randa. Washa, uone mapovu yakipanda. Umeme unaing'oa kutu kwenye randa, chuma cha kafara kinaliwa, maji yanageuka rangi ya udongo. Baada ya saa kadhaa unaitoa, na ile kutu iliyokuwa ngumu imekuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia. Fanya kazi hii nje, kwani mapovu hayo yana gesi inayoshika moto. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Na kamwe usitumie stenlesi kama chuma cha kafara, hata mtu akisema inadumu zaidi, kwa sababu inamwaga majini kromu yenye sumu kali. Vipande vya shaba na alumini visiingie beseni hilo. Shaba isafishe kwa ndimu au ukwaju, kama mama zetu wa Pwani wanavyosafisha mabirika.

Chuma kilichotoka kwenye maji kiko uchi, na kwa hewa ya Dar es Salaam au Mombasa kitaanza kuota kutu mpya kabla hujamaliza chai. Kikaushe kwa kitambaa, kiweke juani, kisha ukipake mafuta palepale.

Halafu kunyoosha uso wa chini. Tafuta kipande cha kioo kinene kwa mafundi wa madirisha, kilaze juu ya meza isiyoyumba, gundisha msasa juu yake. Chora mistari ya penseli kwenye uso wa chini wa randa, kisu kikiwa ndani lakini kimerudishwa, ili chuma kiwe na mvutano wake wa kawaida. Sukuma mara chache, geuza uangalie. Penseli iliyobaki inakuonyesha mabonde. Usihangaike kuyafuta yote. Kinachotakiwa ni ncha ya mbele, ukingo wa mdomo na mwisho wa nyuma viguse kwa pamoja. Kwenye mdomo ndiko randa inakoishi.

Kisu kinolewe kwa mteremko wa digrii 25, na ukingo wa mwisho digrii 30. Ukitumia gurudumu la kunolea, chovya kwenye maji kila mara. Ncha ikigeuka samawati, ugumu umekwisha, na itakubidi usage sehemu hiyo yote uanze tena. Mgongo wa kisu ung'ae ile sehemu ya mbele tu. Kisha lile bati la pili linalokaa juu ya kisu: wengi hulifunga popote, na hapo ndipo wanaposhindwa na mbao zetu. Mninga, mvule na mkongo vina nyuzi zinazopishana, zinakwenda huku kisha zinarudi kule, kwa hiyo randa ya kawaida inazinyofoa na kuacha makovu. Sogeza bati hilo hadi libakize nusu milimita au pungufu kutoka kwenye makali, na lisiache upenyo wowote linapokutana na kisu. Maranda yanapopanda yanakunjwa na kuvunjwa kabla hayajang'oa mbao. Utasikia sauti ikibadilika, na uso wa mninga utatoka umeng'aa bila kuguswa na msasa. Kijana aliyeonyeshwa hilo mara moja hatarudi kununua msasa kwa mita.

Mpini je? Hapa tuna bahati ambayo sijui kama tunaitambua. Mipini ya randa za zamani za Stanley ilichongwa kwa mti wa Brazili ambao wataalamu huuita Dalbergia nigra. Mpingo wetu, ule wa Lindi na Kilwa unaochongewa klarineti Ulaya, ni Dalbergia melanoxylon, mti wa ukoo huo huo. Kipande kidogo kilichobaki kwa mchongaji wa vinyago kinatosha mpini na kitasa cha mbele. Upake nta ya nyuki ya Tabora, na nta hiyo hiyo uisugue juu ya chuma kuzuia hewa ya chumvi.

Sisemi kila cha zamani kiokolewe. Mashine kuukuu za umeme zina waya ambao ngozi yake imekauka na kupasuka, na nyingine hazina waya wa ardhini. Zisiwashwe kabla fundi umeme hajazipima. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, hivyo usiisugue ikiwa kavu huku ukivuta vumbi, hasa karibu na watoto. Tindo yenye kichwa kilichochanua kama uyoga isagwe kwanza, kwani kipande kikiruka kinaingia jichoni. Na kama mtu anapasua mbao siku nzima kwa ajili ya soko, msumeno wa mashine ndio kazi yake, hakuna ubishi. Randa na patasi zinabaki kuwa za kumalizia, za kuunganisha, na za siku umeme unapokatika.

Ninayotaka yafanyike si makubwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ifanye ufufuaji wa zana kuwa zoezi la kwanza la kila mwanafunzi wa useremala na ufundi wa mitambo: mpe randa iliyooza, akiifanya ikate, amejifunza feleji, pembe, msasa na subira, na aondoke nayo siku ya kuhitimu. Wengi sasa wanahitimu na cheti bila zana hata moja. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo hasa, iwe na mahali pa kununulia zana kwa bei ya kazi badala ya kilo, mkoa kwa mkoa. Halmashauri zinazotenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zipokee maombi ya vikundi vinavyotaka kufufua na kuuza zana kuukuu, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo na mali ghafi iko mtaani. Na karakana ya umma inapofungwa, vifaa vyake visipigwe mnada kama lundo moja la mali chakavu. Watengwe watu wawili wanaojua, wapitie, watoe jiliwa, nyundo, koleo na mashine za kukerezea kabla ya mnada, viende kwenye chuo kilicho karibu.

Kwa familia, ombi langu ni dogo zaidi. Marehemu karibu kila mara alikuwa na kijana aliyemfundisha. Muiteni kabla hamjamwita wa mkokoteni. Mpeni siku moja apange kilichomo sandukuni, awaambie hiki ni nini na kinauzwaje, naye mumuuzie kwa mali kauli kile anachokihitaji. Mtapata zaidi ya bei ya kilo, na mtajua zana za mzee wenu ziko kwa nani.

Wauza skrepa wachache wa Dar es Salaam wameshaanza. Ukiingia kwenye yadi zao utakuta kona yenye meza, na juu yake nyundo, spana, jiliwa, pengine randa mbili tatu zimetengwa. Waulizeni, wataonyesha. Nendeni asubuhi, maana lori la kwenda kiwandani hupakiwa mchana.